Je, wajua kwa nini visima vya pwani ya mashariki ya Unguja hugeuka chumvi?

Katika vijiji vya Unguja kama Jambiani, Paje na Nungwi, kuna visima vilivyonywesha vizazi kadhaa ambavyo siku hizi maji yake hayanyweki kiangazi kikikaza. Mvua hazijakatika na bahari haijahama. Kilichobadilika ni kiasi cha maji yanayovutwa kutoka chini, mahali yanapovutwa na majira yanapovutwa.

Tuanze na ardhi yenyewe. Upande wa magharibi wa Unguja una udongo wa kina, ndiko iliko mikarafuu na minazi mingi. Mashariki na kusini ni uwanda wa mawe ya matumbawe ya kale, yenye nyufa na mapango. Mvua ya masika ikinyesha huko haitengenezi mto, bali huzama upesi. Ikishazama hukutana na maji ya bahari ambayo nayo yamepenya mawe kutoka pwani. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hukaa juu yake kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Tabaka hilo la maji baridi ni nene katikati ya kisiwa, na huzidi kuwa jembamba kadiri unavyokaribia ufukwe.

Hapa pana hesabu ambayo ningependa kila anayepewa kibali cha kuchimba kisima aijue. Kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Kanuni hiyo hufanya kazi kinyume pia. Pampu ikishusha maji ya kisima kwa sentimita 10 tu na kuyaweka hapo kwa muda mrefu, chumvi iliyo chini huweza kupanda mita 4. Ndoo na kamba haziwezi kuleta balaa hilo, kwa sababu maji hupata nafasi ya kujaa tena usiku. Pampu ya umeme inayonguruma mchana kutwa huinyanyua chumvi mpaka mdomoni mwake, na jirani mwenye kisima kifupi hupata sehemu yake bila kuwa amewasha chochote.

Sasa tazama hoteli zimejengwa wapi. Mgeni anataka kuona bahari kutoka dirishani, kwa hiyo hoteli hukaa palepale ambapo tabaka ni jembamba kuliko kote. Tena wageni humiminika kati ya Juni na Septemba, kisha Desemba mpaka Februari, miezi ambayo kwa sehemu kubwa masika na vuli vimekwisha pita. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000, ilhali sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 1,889,773.

Mgeni mmoja hutumia maji kiasi gani? Utafiti wa Stefan Gössling uliochapishwa mwaka 2001, kuhusu pwani hiyo ya mashariki, ulikadiria wastani wa lita 685 kwa mgeni kwa siku. Mwanakijiji alikuwa akitumia lita 48. Lakini wastani huo unaficha jambo muhimu. Katika nyumba ndogo za wageni ilikuwa lita 248, na katika hoteli lita 931. Mgeni wa hoteli haogi mara nne zaidi ya mwenzake! Karibu nusu ya maji ya hoteli yalikwenda kwenye bustani, kwa kuwa majani ya zulia na maua ya kigeni yaliyopandwa juu ya mchanga na matumbawe hayashibi. Unamwagilia asubuhi, na jioni pamekauka.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tatizo ni utalii wote kwa jumla. Maelfu ya familia zinaishi kwa ajira za hoteli hizo. Bustani ni uamuzi wa mwenye hoteli, na unabadilika bila kumfukuza mgeni hata mmoja. Mkadi na mvinje huota ufukweni bila mpira wa kumwagilia. Maji ya bafuni yakisafishwa vizuri yanatosha kwa miti iliyobaki, na paa kubwa la hoteli linaweza kukinga mvua nyingi ya masika ikiwa kuna tangi la kuihifadhi. Kusafisha maji ya bahari kwa mitambo kunawezekana, ila hula umeme mwingi na huacha maji makali ya chumvi yanayohitaji pa kutupwa. Kuleta maji kwa maboza ni kuhamisha tu mzigo kwenda kwenye kisima cha mahali pengine.

Kisima kikishaingia chumvi, kuzima pampu hakutoshi kukiponya siku hiyo hiyo. Lazima mvua mpya izame na kuisukuma chumvi chini polepole, na hilo huweza kuchukua misimu kadhaa. Wakati huo wote, anayebeba dumu kutoka mbali zaidi kwa kawaida ni mama au mtoto wake.

Pemba ina mvua nyingi zaidi, vilima vya udongo na vijito, na hoteli zake bado ni chache. Lakini zinazotafuta viwanja huko zinavitafuta ufukweni, na kwenye rasi kama Kigomasha mawe ya matumbawe yapo pia. Huko bado inawezekana kupima unene wa tabaka la maji baridi kwanza, kisha ndipo kuamua pampu ya ukubwa gani iruhusiwe.