Kwa nini jua la kiangazi Kigoma huwa jekundu mapema

Jioni ya Julai au Agosti, ukiwa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ukatazama upande wa Kongo, mara nyingi milima huioni, na jua limeshakuwa jekundu likiwa bado juu. Wapo wanaosema ni joto. Joto halihusiki, ni moshi.

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote. Ukiingia angani hukutana na molekuli za hewa, nazo huutawanya kila upande, ila si kwa usawa: buluu, yenye mawimbi mafupi, hutawanywa zaidi ya mara 5 kuliko nyekundu. Mwanafizikia Mwingereza, Rayleigh, alilieleza hilo mwaka 1871. Buluu hiyo iliyotawanyika ndiyo tunayoiona tukiinua macho. Anga halijaazima rangi ya Ziwa Tanganyika. Tabora mjini ziwa liko mbali, na anga ni buluu vilevile.

Jua likishuka, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi; kwenye upeo wa macho ni karibu mara 40 ya ile ya utosini. Buluu inaishia njiani, nyekundu inafika. Sasa ongeza moshi wa mbuga na mashamba yanayochomwa kiangazi, huku kwetu na ng'ambo. Chembe zake ndogo huiondoa buluu mapema, ndiyo maana wekundu hausubiri jua lifike milimani. Vumbi la chembe kubwa hutawanya rangi zote karibu sawasawa, likaleta ule weupe unaoficha milima. Mvua za kwanza zikisafisha hewa, Kongo inaonekana tena, hadi mikunjo ya mabonde.

Kupinda kwa mwanga ni jambo jingine. Mwanga ukitoka majini kuingia hewani hubadili kasi na kupinda, hivyo maji ya mita 2, ukiyatazama wima kutoka juu, huonekana ya mita 1.5 hivi, kwa mshazari, pungufu zaidi. Maji ya Tanganyika ni maangavu mno, na hapo ndipo asiyejua kuogelea hudanganyika. Mzazi, ingia wewe kwanza upime kina.

Tukirudi kwenye jua: moshi hupunguza mwanga unaoonekana, lakini miale ya infraredi, yenye mawimbi marefu zaidi, hupenya kirahisi. Wanaastronomia hunufaika nayo. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, huitumia kuchungulia nyota zilizofichwa na mawingu ya vumbi. Jicho lako halina faida hiyo: miale hiyo haliioni, ila inaliingia na inaweza kuliumiza. Usilikodolee jua eti kwa kuwa limefifia, na usithubutu kulitazama kwa darubini.