Ada imefutwa, msichana anakwama wapi? Fedha ya ufadhili ifuate kalenda

Kila Desemba, majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yanapotoka, sisi tunaoratibu ufadhili hapa Arusha huulizwa swali lile lile: ada ni shilingi ngapi? Kwa shule ya serikali, hakuna. Ile shilingi 20,000 ya kutwa na 70,000 ya bweni ilifutwa Januari 2016 hadi kidato cha nne, na kidato cha tano na sita vikafuata mwaka 2022. Lakini wasichana wa wilaya za wafugaji za Longido na Ngorongoro bado wanapotea, na wengi hupotea shule zikiwa zimefungwa.

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, kidato cha kwanza hufunguliwa Januari. Katikati hapo binti yuko nyumbani karibu miezi minne, na kwa macho ya wengi ameshamaliza shule. Ndipo mahari hujadiliwa na ngariba huitwa, hasa Desemba, ukoo mzima ukiwa bomani. Kumkeketa aliye chini ya miaka 18 ni jinai tangu 1998, na anayemwoa mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30 kwa marekebisho ya 2016. Sheria ipo. Kituo cha polisi ndicho kiko mbali.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza tunaiweka kwenye prifomu wani ya bweni, yaani kozi ya kumwandaa binti kwa kidato cha kwanza, ianze wiki ileile mtihani unapokwisha. Inaziba pengo, na inatibu jambo la pili linalowatoa wasichana darasani: shule ya msingi inafundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na kwa mtoto wa Ketumbeine aliyekua na Kimaasai hiyo ni lugha ya tatu. Kosa linalorudiwa na wafadhili ni kulipia kozi hadi mwisho wa Novemba tu. Binti anarudishwa nyumbani wiki zilezile za hatari. Lipia chakula, mlinzi na matroni hadi shule ifunguliwe Januari. Wanafunzi wakiwa wachache, gharama yake si kubwa.

Pengo la pili ni refu zaidi: kidato cha nne humaliza Novemba, cha tano huanza Julai. Wanaojaza miezi hiyo kwa kozi fupi ya ushonaji au kompyuta huwa na jibu wakiulizwa nyumbani wanangoja nini.

Sasa fomu ya kujiunga, kwa sababu ndiyo ada ya kweli. Godoro la futi mbili na nusu, shuka jozi mbili, blanketi, tranka la bati na kufuli, ndoo mbili, jembe au kwanja, fagio, rimu ya karatasi, sketi mbili, mashati mawili, sweta, viatu vyeusi vya kamba. Mfugaji hutafuta fedha hiyo yote Januari, wakati mmoja na wenzake, na ng'ombe wakipelekwa mnadani kwa wingi hivyo bei hushuka. Vitu vidogo nunua mjini kwa jumla Novemba. Godoro subiri ulinunue Waso, mji mdogo wa Loliondo: juu ya basi la Loliondo hutozwa kama mzigo, na mvua ikiwakuta njiani, makorongo ya Engaruka yakijaa, litafika limelowa.

Nauli nayo hukosewa mara nyingi. Likizo ni nne, karibu na Aprili, Juni, Septemba na Desemba, hivyo safari ni nane kwa mwaka. Bajeti nyingi tunazoletewa zina mbili.

Pedi: nne kwa siku, siku tano, ni 20. Pakiti ya vipande 8 haigawanyiki hapo, kwa hiyo weka pakiti tatu kwa mwezi, 30 kwa miezi kumi ya masomo. Kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye pedi mwaka 2018 na kurudishwa 2019, kwa hiyo bajeti ya zamani usiiamini. Kabla ya kununua hata moja, kahesabu matundu ya choo. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20. Pasipo maji na mlango wenye komeo, msichana atabaki nyumbani na pedi zake.

Malipo ya shule yapitie kumbukumbu namba (control number), ya dukani kwa risiti, na nauli kwa simu ya mwalimu mlezi. Usimpitishie ndugu fedha taslimu, hata akiwa mwaminifu: akiugua mtu nyumbani, fedha hiyo ndiyo itakayotumika, na hakuna wa kumlaumu. Baba na mama waweke saini makubaliano mbele ya laigwanani, kiongozi wa jadi wa Wamaasai, kabla ya mtihani wa Septemba. Kwa aliyekwisha kuanza sekondari, likizo ya Desemba mtu mzima aliyeaminiwa na pande zote amfikie binti bomani angalau mara mbili, na nauli ya mtu huyo iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo.