Je, Wajua? Kwa Nini Rejeta Hukaa Mbele ya Gari, Mahali Panapogongwa Kwanza

Rejeta, kifaa kinachotumia hewa kupoza maji ya injini, ni miongoni mwa vifaa dhaifu kabisa vilivyo chini ya boneti, na hata hivyo ndicho kinachotangulizwa mbele, sentimita chache tu nyuma ya bampa. Kuta za mirija yake ya alumini hazifiki nusu milimita kwa unene, na matangi yake mawili, ambayo katika magari mengi ya leo ni ya plastiki, yamebanwa kwa meno madogo ya alumini juu ya mpira wa kuzuia maji yasivuje. Injini ikipata moto, ndani ya kifaa hicho hukaa maji yenye shinikizo linalokaribia maradufu ya lile la hewa ya kawaida. Kwa nini basi kitu cha namna hiyo kiwekwe mahali ambapo kila dereva asiyefunga breki mapema atakifikia kwanza?

Jibu la swali hilo ni hewa. Gari linapokwenda, hewa baridi kuliko yote inayoweza kupatikana ni ile ambayo haijapita kwenye injini, nayo hujisukuma yenyewe kupitia matundu ya mbele bila kutumia nguvu ya ziada. Feni huhitajika hasa kwenye foleni na kwenye milima. Wapo waliojaribu njia nyingine. Magari ya Renault ya mwanzoni mwa karne iliyopita, zikiwemo zile teksi za Paris zilizobeba askari mwaka 1914, yalikuwa na rejeta nyuma ya injini, karibu na miguu ya dereva. Mpangilio huo uliikinga rejeta dhidi ya migongano, lakini uliinyima hewa ya mbele, na mwishowe Renault nayo ikaihamishia mbele kama wenzake.

Kwa kuwa rejeta haiwezi kuondolewa pale, kazi ya mhandisi ni kuamua kitu gani kivunjike kabla yake. Nchini Marekani jambo hili liliingia katika sheria mapema. Kuanzia magari ya modeli ya mwaka 1973, bampa ya mbele ilitakiwa kustahimili kugonga ukuta kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, yaani kilomita 8, bila kuharibu vifaa vya usalama. Mwaka 1982 kiwango hicho kilishushwa hadi maili 2.5, sawa na kilomita 4 kwa saa. Kanuni inayotumika sasa, ijulikanayo kama Sehemu ya 581, inataja wazi kwamba baada ya jaribio mfumo wa kupozea injini usivuje, njia zake za maji zisizibwe, na vifuniko vyake viendelee kufanya kazi kama kawaida. Matokeo ya miaka ile ya kwanza yalikuwa mabampa makubwa ya chuma yaliyotokeza mbele juu ya vizuia mshtuko vya mafuta. Hata Porsche 911 ililazimika kuvaa bampa la aina hiyo katika modeli ya 1974, ingawa injini yake ilipozwa kwa hewa na halikuwa na rejeta ya maji ya kulindwa.

Ugumu wa kazi hii unaonekana vizuri zaidi kwa hesabu. Gari lenye uzito wa kilo 1,200 likienda kilomita 4 kwa saa lina nishati ya mwendo ya jouli 740 hivi. Likienda kilomita 15, nishati hiyo hufika jouli 10,400. Likienda kilomita 30, hupanda mara nne tena na kuzidi jouli 41,000. Nishati yote hiyo lazima imalizwe na vyuma vinavyojikunja, na kiasi kinachomalizwa ni nguvu ya upinzani ikizidishwa kwa umbali wa kujikunja. Tuseme sehemu ya mbele inapinga kwa kilonyutoni 80, nguvu inayolingana na uzito wa tani 8 hivi: itahitaji kukunjamana kwa sentimita 13 ili kuzimaliza zile jouli 10,400. Ikiwa laini kwa nusu, itahitaji sentimita 26, na rejeta itakuwa imeshafikiwa. Ikiwa ngumu maradufu, sentimita 6 na nusu zitatosha, lakini nguvu hiyo kubwa itapita moja kwa moja hadi kwenye mihimili mirefu ya chasisi na kuipinda, hasara ambayo gharama yake inazidi rejeta kadhaa.

Ndiyo maana kile tunachokiita bampa leo ni jalada la plastiki tu. Kazi yenyewe inafanyika nyuma yake. Kwanza kuna tabaka la povu, kisha boriti ya chuma au alumini inayokatiza gari kutoka upande hadi upande, na nyuma ya boriti kuna mirija miwili mifupi yenye mikunjo iliyotengenezwa kiwandani, mmoja kila upande, iliyofungwa kwa bolti kwenye mihimili ya chasisi. Mirija hiyo imekusudiwa kufa. Mikunjo yake huifanya ijikunje kama kinanda cha mkono, pindo baada ya pindo, kwa nguvu isiyopanda wala kushuka sana, na ikishaharibika fundi huifungua na kufunga mingine bila kukata wala kuchomelea chasisi. RCAR, baraza la kimataifa la vituo vya utafiti wa ukarabati vinavyohusiana na kampuni za bima, hulipima jambo hili kwa kugongesha gari kwa kilomita 15 kwa saa dhidi ya kizuizi kinachogusa asilimia 40 tu ya upana wake, ili mrija mmoja ubebe sehemu kubwa ya mzigo.

Rejeta yenyewe nayo husaidiwa. Hukalishwa juu ya vikalio vya mpira vinavyoiruhusu kusogea kidogo, na fremu inayoishikilia, ambayo mara nyingi ni ya plastiki, hukatika kirahisi. Sharti ni kwamba nyuma yake kuwe na nafasi. Pale ambapo feni imebanana na injini, rejeta inayorudishwa nyuma hukutana na kitu kigumu na kupondwa pande zote mbili.

Kwa maoni yangu, tatizo kubwa zaidi limebaki kuwa kimo. Sehemu ya 581 hupima bampa katika eneo la kati ya inchi 16 na 20 kutoka ardhini, yaani sentimita 41 hadi 51, lakini inahusu magari madogo ya abiria na si pikapu wala magari ya familia yaliyoinuka juu (SUV). Zaidi ya hayo, dereva anayefunga breki kwa ghafla huishusha pua ya gari lake. Boriti hupita chini ya bampa ya gari la mbele, povu na mirija havifanyi kazi yoyote, na chuma cha gari hilo lililoinuka huingia moja kwa moja kwenye taa, boneti na rejeta. Mgongano uliostahili kuishia kwenye jalada la plastiki humwaga maji yote barabarani.

Mafundi wa bodi wanaweza kuuharibu mpango huu bila kujua. Jalada jipya likifungwa bila povu, au boriti iliyopinda ikinyooshwa kwa nyundo, gari hupendeza machoni lakini umbali wa kujikunja haupo tena. Ngao za chuma zinazofungwa moja kwa moja kwenye chasisi zina kasoro inayofanana na hiyo, kwa kuwa huvipita vile vipande laini na kuipeleka nguvu kwenye mihimili.

Baada ya kugonga, dereva asiitegemee geji ya joto peke yake. Kihisio chake kimetengenezwa kipime maji. Maji yakikwisha, kihisio hubaki kwenye hewa au mvuke na kinaweza kuonyesha joto la chini wakati silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, inapinda na gasketi iliyo chini yake inaungua. Heshima zaidi yapewe matone yaliyo chini ya bampa.