Buluu si buluu tu: dhana potofu kuhusu kutambua pigmenti za kale kwa hadubini

Mhifadhi wa michoro anayeanza kutambua pigmenti, yaani unga unaoipa rangi ya mchoro rangi yake, kwa hadubini ya mwanga uliopolaraishwa (mwanga unaotikisika katika mwelekeo mmoja tu) huzoea kifaa upesi. Kinachochelewesha ni mambo anayokuja nayo kichwani.

Dhana: mwenye jicho zuri huitambua pigmenti kwa rangi yake

Hii ndiyo inayopotosha kuliko zote. Altramarini, azuraiti, smalti, buluu ya Prusia na buluu ya Misri zote ni pigmenti za buluu, na zinaweza kufanana kabisa ukutani. Sasa weka chembe zake kwenye slaidi, ndani ya gundi ngumu ya kupachikia ambayo kipeo chake cha kupinda mwanga kinajulikana, mara nyingi 1.662. Pishanisha vichujio viwili vya polaroidi kwa nyuzi 90, kisha zungusha jukwaa linalobeba slaidi. Altramarini, smalti na buluu ya Prusia zinabaki gizani muda wote. Azuraiti na buluu ya Misri zinang'aa, na kila chembe inazimika mara nne katika mzunguko mmoja.

Hizo mbili utazitenganishaje? Ondoa kichujio cha juu, tazama ukingo wa chembe, halafu ongeza polepole umbali kati ya lenzi na slaidi. Utaona mstari mwembamba wa mwanga, uitwao mstari wa Becke, ukisogea kuelekea upande wenye kipeo kikubwa zaidi. Kwa azuraiti, yenye kipeo cha 1.73 hadi 1.84, unaingia ndani ya chembe. Kwa buluu ya Misri unatoka nje kwenda kwenye gundi. Smalti nayo ni kioo cha kobalti kilichosagwa, kwa hiyo chembe zake zina kingo kali za kioo kilichovunjika, pengine na viputo ndani.

Dhana: mashine za kisasa zimeifanya hadubini ipitwe na wakati

Kifaa cha eksirei cha mkononi husoma elementi. Kikisema "shaba", bado una azuraiti, malakaiti, buluu ya Misri na nyingine kadhaa za kuchagua. Wala hakikwambii kama altramarini ilitokana na jiwe au na kiwanda. Hadubini inakwambia: ile ya jiwe la buluu liitwalo lapis lazuli, kama ya Badakhshan huko Afghanistan, ina chembe zenye pembe, kubwa kwa ndogo, zikiambatana na vipande vya kalsaiti vinavyong'aa. Ya kiwandani, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1820, ina chembe ndogo, za mviringo, zinazolingana.

Mimi ningeanza somo lolote na chaki ya asili. Ndani yake mna visahani vya mwani wa baharini wa kale, na kati ya polaroidi zilizopishana kila kisahani huonyesha msalaba mweusi. Mwanafunzi akishauona, hasahau kwamba umbo nalo ni ushahidi.

Dhana: lazima ukate kipande cha mchoro

Chembe ndogo kuliko nukta hii inatosha, na huchukuliwa pembeni mwa ufa au pale rangi ilipokwisha kubanduka. Hata hivyo hairudi tena, ndiyo maana mazoezi hufanywa kwanza kwa slaidi za pigmenti zinazojulikana. Mwanafunzi aandike umbo, ukubwa, ukingo na mwenendo wa chembe kabla ya kutaja jina. Anayekimbilia jina huona anachotarajia.

Dhana: ukiijua pigmenti, umejua umri wa kazi

Pigmenti inakupa tu "si kabla ya". Buluu ya Prusia ilipatikana Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Ikionekana kwenye mchoro unaodaiwa kuwa wa 1650, uliza kwanza iko tabaka gani, maana huenda ni ya fundi aliyeukarabati. Mwaka 1974 Walter McCrone, mtaalamu wa hadubini wa Marekani, alitangaza kuwa wino wa Ramani ya Vinland, iliyodaiwa kuwa ya karne ya 15 na kuonyesha sehemu ya Amerika Kaskazini, una anatase, aina ya titani dioksidi iliyotengenezwa viwandani katika karne ya 20. Ubishi ukadumu miongo mingi, hadi Chuo Kikuu cha Yale, kinachoimiliki, kilipotangaza mwaka 2021 kwamba ramani ni ya kughushi, baada ya titani kuonekana katika mistari yake yote.

Hadubini ina kikomo chake pia. Pigmenti nyingi za kisasa zina chembe ndogo mno kwa mwanga kuonyesha umbo lake, na rangi za mimea na wadudu huonyesha machache. Hapo mwanafunzi aandike "haijatambulika" na aipeleke sampuli kwenye spektroskopia ya Raman, inayotambua kitu kwa jinsi kinavyotawanya mwanga wa leza, au kipimo kingine kinachofaa.