"Mmoja kati ya wanne" si zamu: maswali na majibu kuhusu magonjwa ya kurithi

Maswali haya tunaulizwa kliniki kila wakati. Moja nimelirudia makusudi, kwa sababu jibu lake watu hulisikia, wakaitikia kwa kichwa, kisha wakaenda kufanya kinyume.

Ugonjwa wa kurithi unatokeaje?

Jeni ni maelekezo yaliyomo ndani ya seli, yanayouambia mwili utengeneze nini. Karibu kila jeni unayo kwa nakala mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Nakala ikiwa na hitilafu, ugonjwa unaweza kutokea. Hauambukizwi kwa kunyonyesha, kwa kuchangia chombo, wala hauletwi na maneno ya mtu.

Jeni inayotawala na inayojificha zina tofauti gani?

Inayotawala, nakala moja yenye hitilafu inatosha kukuuguza. Mfano ni ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole, na ule wa figo kujaa vifuko vya maji unaowapata watu wazima. Inayojificha huhitaji nakala zote mbili ziwe na hitilafu. Hapo ndipo ilipo selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, na ualbino pia. Mwenye nakala moja tu ni mbebaji. Kwa kawaida haumwi, na hawezi kujijua mpaka apime.

"Mmoja kati ya wanne" maana yake nini?

Chukua baba na mama, wote AS, yaani wabebaji wa selimundu. A ni nakala nzima, S ni yenye hitilafu, na kila mmoja humpa mtoto herufi moja tu. Mtoto anaweza kupata A mbili, au A ya baba na S ya mama, au S ya baba na A ya mama, au S mbili. Huyo wa mwisho, SS, ndiye mgonjwa. Kwa hiyo uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni asilimia 25, mbebaji asilimia 50, na asiye na S kabisa asilimia 25. Asilimia hizo ni za kila mimba.

Mtoto wetu wa kwanza ni SS. Si watatu wanaofuata watakuwa salama?

Hapana. Mimba ya pili ina asilimia 25 ileile. Ya tatu, ileile. Ya nne, ileile. Hakuna foleni hapa, na wala mtoto mmoja hawezi kuugua kwa niaba ya wadogo zake. Waliozaa mabinti wanne mfululizo wakisubiri "zamu ya mvulana" wanaelewa vizuri ninachosema.

Wazazi wenye hesabu hii huletwa kwetu na mtoto wa pili au wa tatu. Ana mwaka mmoja na kitu, macho ya njano, vidole vya mikono vimevimba hadi vinang'aa, na ukimgusa mguu analia. Amepimwa? Hajapimwa, "kwa sababu mgonjwa wetu tayari tunaye." Kumbe vidole hivyo kuvimba ni mojawapo ya dalili za mwanzo kabisa za selimundu kwa watoto wadogo.

Lakini kuna familia yenye mmoja mgonjwa na watatu wazima.

Ipo, na kuna yenye wagonjwa watatu kati ya watatu, na kuna wabebaji waliozaa sita bila mgonjwa hata mmoja. Zote ni bahati. Narudia tena: kila mimba hesabu inaanza upya.

Mtoto amezaliwa mnene na mchangamfu. Si nisubiri nione dalili?

Usisubiri. Mtoto mchanga mwenye SS huonekana mzima kwa sababu damu yake bado ina himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya aina aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, ambayo humkinga. Inapopungua, kuanzia miezi michache baada ya kuzaliwa, matatizo huanza. Aliyejulikana mapema huanzishiwa penisilini akiwa na miezi miwili hivi, kwa sababu wengu wake, kiungo kinachosaidia kupambana na vijidudu, huacha kufanya kazi vizuri na bakteria wanaweza kumuua kwa saa chache. Asiyejulikana hapati chochote. Homa ikimpanda anapewa dawa ya kutuliza na kulazwa kitandani nyumbani "tuone asubuhi." Mtoto wa selimundu mwenye homa ni dharura, hata kama ni saa nane za usiku.

Na kwa ugonjwa unaotawala?

Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50. Hapa pia hakuna zamu. Ugumu wake ni kwamba baadhi huchelewa kujitokeza. Huntington mara nyingi huanza kati ya miaka 30 na 50, na mtu anakuwa ameshazaa. Kama mzazi wako ana ule wa figo, pimwa shinikizo la damu mapema na umwambie daktari habari hiyo. Usingoje maumivu.

Ukoo upi umeleta selimundu?

Mtoto akiwa SS, S moja ni ya baba na moja ni ya mama. Nusu kwa nusu. Wanaomrudisha mke kwao wakidhani wameuondoa ugonjwa waelewe kwamba baba naye anaondoka na S yake kwenda nayo kwa mke mpya.

Nikapime nini hasa?

Omba kipimo cha aina ya himoglobini. Kupima wingi wa damu hakutoshi, na kundi la damu ni jambo jingine kabisa. Mtu huja na kadi ya kundi A akidai yeye ni AA, kumbe anaweza kuwa AS au hata SS. Wachumba wapime kabla ya kuzaa, na ndugu wa mgonjwa wapimwe wote, hata wanaoonekana wazima. Kama umeongezewa damu miezi mitatu iliyopita au karibuni zaidi, mwambie mtu wa maabara kabla hajakuchoma sindano, maana majibu yanaweza kuonyesha damu ya aliyekuchangia.