Presha na Sufuria ya Mjini: Kushusha Shinikizo la Damu kwa Njia za Asili

Mwaka 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi South Kavirondo, magharibi mwa Kenya, alichapisha vipimo vya presha vya wenyeji wapatao 1,000 wa eneo lile. Vijana wao walikuwa na presha isiyotofautiana sana na ya vijana wa Ulaya. Tofauti ilionekana ukubwani. Mzungu alipozeeka presha yake ilipanda, ila kwa wenyeji wale haikupanda, na baada ya miaka 40 ilielekea kushuka. Leo pita kwenye kliniki ya presha Kisumu, Mwanza au Dar es Salaam uone wanaosubiri kwenye mabenchi: wengi ni watu wa umri huohuo, wajukuu na vitukuu wa kizazi kile.

Kimebadilika nini? Miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Waluo waliokuwa wakihama vijijini kwenda kutafuta maisha Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Waliwapima presha, uzito na mkojo mara kwa mara kwa muda wa hadi miaka 2. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990, na kila nikiyasoma yananigusa. Presha ya waliohamia mjini ilianza kupanda katika miezi ya mwanzo tu. Mkojo wao ulionyesha sababu mojawapo kubwa: sodiamu, yaani ile iliyomo kwenye chumvi, ilikuwa imeongezeka ikilinganishwa na potasiamu, madini yanayopatikana kwa wingi kwenye mboga, matunda, viazi na jamii ya kunde. Ukoo wao haukuwa umebadilika, wala hawakuwa wamezeeka ghafla. Walikuwa wamebadilisha sufuria.

Kwa hiyo mgonjwa anaponiambia, "Presha ni ya kwetu, mama alikuwa nayo, bibi alikuwa nayo," namsikiliza, kwa sababu kurithi kupo kweli. Lakini simkubalii kwamba hakuna la kufanya. Mwili wa binadamu umeumbwa kutunza sodiamu, kwa kuwa zamani ilikuwa adimu. Ikizidi, mwili unashikilia maji ili kuipunguza makali, maji yanaongeza wingi wa damu, na mishipa inabanwa. Potasiamu inafanya kazi ya upande wa pili: inazisaidia figo kuitoa sodiamu kwenye mkojo na kuilegeza mishipa. Anayepunguza chumvi bila kuongeza potasiamu amefanya nusu ya kazi.

Tuanze na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hicho ni cha siku nzima, pamoja na chumvi iliyokwisha kuwekwa ndani ya vyakula vya kununua. Watu wengi wanaokuja kwetu wanasema kwa dhati kabisa, "Mimi situmii chumvi mbichi mezani." Ni vizuri. Sasa tuhesabu pamoja: mkate wa asubuhi una chumvi, siagi ya kopo ina chumvi, soseji ina chumvi nyingi, chipsi za jioni zimenyunyiziwa na tomato sosi ikaongezwa juu, vile vidonge vya supu na unga wa mchuzi ni chumvi kwa sehemu kubwa. Kwa ndugu zetu wa pwani, papa mkavu na ng'onda huhifadhiwa kwa chumvi. Kama huwezi kuacha, loweka usiku, mwaga maji, osha tena, na usitie chumvi nyingine kwenye mchuzi wake.

Halafu kuna magadi, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, maana yanasahaulika karibu kila tunapozungumzia presha. Tunayatia kwenye maharage na makande yaive haraka, kwenye mlenda uteleze, kwenye mboga za majani zilainike. Kwa kuwa hayana ladha ya chumvi, hakuna anayeyahesabu. Lakini magadi ni chumvichumvi za sodiamu. Kijiko kimoja cha chai cha ile soda ya kupikia ya dukani kina takriban gramu 1.2 za sodiamu, na kiwango cha juu cha siku kwa mtu mzima ni gramu 2 za sodiamu, ambazo ndizo zilizomo kwenye zile gramu 5 za chumvi. Mama anaweza kuwa amepunguza chumvi kwa nidhamu kubwa, huku sufuria ya maharage inairudisha yote. Loweka maharage usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo, uchemshe kwa moto wa wastani. Yataiva, tena mkaa utapungua.

Ulimi unazoea. Ukipunguza chumvi kidogo kidogo, baada ya wiki kadhaa chakula ulichokuwa ukikila zamani utakiona kikali. Ndimu, tangawizi, kitunguu swaumu, bizari, nyanya mbivu na tui la nazi kwa kiasi vinatosha kabisa kumfanya mtu asitamani chumvi. Familia nzima ile chungu kimoja. Kumpikia baba chakula chake pembeni kunamfanya ajione mgonjwa, na watoto wanakosa kinga ambayo wangeipata mapema.

Upande wa potasiamu, tuna bahati kuliko nchi nyingi tajiri. Mwaka 1997 Marekani ulichapishwa utafiti wa lishe uitwao DASH. Watu wazima 459 walilishwa chakula kilichopimwa: wengine chakula cha kawaida cha Wamarekani, wengine chakula chenye matunda na mboga kwa wingi, pamoja na maziwa yaliyopunguzwa mafuta. Chumvi haikupunguzwa, uzito haukubadilishwa. Hata hivyo, kwa waliokuwa na presha ya kupanda na kula chakula hiki cha pili, namba ya juu, yaani ile inayosomwa kwanza kama 140 kwenye 140/90, ilishuka kwa takriban 11 zaidi ya wenzao waliokula chakula cha kawaida, na sehemu kubwa ya mabadiliko ilionekana ndani ya wiki 2. Huo ni ushukaji unaokaribiana na wa kidonge kimoja cha presha. Ukitazama walichokula, hutaona kitu kigeni. Kwetu ni mchicha, matembele, kisamvu, ndizi mbivu na za kupika, viazi vitamu, mihogo, maharage, kunde, choroko, parachichi, machungwa, maziwa mgando. Tatizo letu ni kwamba mtu akipata fedha kidogo anavihama vyakula hivi kwa kuviona vya kimaskini, anakimbilia mkate mweupe na kuku wa kukaanga.

Mboga ya majani usiichemshe kwenye maji mengi ukayamwaga, kwa sababu potasiamu inayeyuka na kwenda na maji hayo. Ipike kwa maji kidogo na kwa muda mfupi. Ila mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa zinazozuia potasiamu isitoke mwilini, kama spironolactone au zile za kundi la captopril na losartan, asiongeze vyakula hivi kwa wingi wala kutumia chumvi ya potasiamu, ile inayouzwa kama mbadala wa chumvi ya kawaida, kabla ya kuongea na daktari wake. Potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo.

Maswali mengi tunayopokea ni kuhusu mitishamba. Kitunguu swaumu kimefanyiwa utafiti wa kutosha, na kinashusha presha kwa kiasi kidogo. Rozela, ambayo wengine huiita choya, nayo imeonyesha matokeo ya kutia moyo katika tafiti ndogo, ikinywewa kama chai. Lakini juisi ya rozela iliyojazwa sukari inaongeza uzito, na uzito unaipandisha presha. Mlonge ni mboga nzuri sana, kula, ila ushahidi kwa binadamu kwamba unatibu presha bado ni mdogo. Anayekuuzia chupa ya mchanganyiko na kukuambia utupe vidonge, mkimbie. Ukitumia mmea wowote pamoja na dawa, mweleze mhudumu wako bila kuona haya, kwani baadhi ya mimea na matunda huingiliana na dawa. Balungi, kwa mfano, linaweza kuongeza nguvu ya nifedipine, mojawapo ya dawa za presha, mwilini kuliko ilivyokusudiwa.

Uzito, mazoezi na pombe nitavisema kwa kifupi. Kila kilo moja anayopungua mtu mnene, namba ya juu hushuka kwa takriban 1. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku 5 za wiki, kunatosha kuanzia, na kushuka kituo kimoja kabla ya kwako ni mazoezi halali. Pombe inapandisha presha, na anayekunywa sana akipunguza huona mabadiliko. Sigara inaharibu mishipa ileile ambayo presha inaichosha. Anayekoroma sana usiku na kusinzia mchana aseme kliniki, kwa sababu kuzibwa pumzi usingizini ni sababu ya presha isiyosikia dawa.

Yote haya hayana maana bila kipimo. Presha haina dalili kwa watu walio wengi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba karibu nusu ya wenye presha duniani hawajijui. Kichwa kutouma si kipimo. Nenda ukapimwe, kaa kitini dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umelala juu ya meza usawa wa moyo. Nenda haja ndogo kwanza, na usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, una presha ya kupanda.

Ambaye hajafika mbali, na hana kisukari wala tatizo la moyo au figo, daktari anaweza kumpa miezi kadhaa ya kubadili chakula kwanza. Aliyekwisha kuanzishiwa vidonge aendelee navyo. Chakula kikifanya kazi, daktari ndiye atakayepunguza dozi, kwa kuangalia namba zilizoandikwa kwenye daftari lako. Kuacha mwenyewe kwa sababu unajisikia vizuri ni hatari, na wengi tunaowapokea na kiharusi walikuwa wameacha dawa.

Namba ikifika 180/120 ukiwa na maumivu ya kifua, pumzi inabana, macho yameingia giza, mdomo umepinda au mkono na mguu wa upande mmoja umelegea, usichemshe majani yoyote. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mjamzito mwenye 140/90 au zaidi, akiwa na kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu za kulia, naye apelekwe hospitali mara moja.