Kiazi, Rangi na Namba: Hesabu za Awali kwa Kupiga Mihuri

Mtoto wa miaka minne anayetamka "moja, mbili, tatu" mpaka kumi mara nyingi anajua wimbo tu. Mpangie vifuniko saba vya soda umwulize viko vingapi: kidole kitaruka kimoja na kugusa kingine mara mbili. Muhuri wa kiazi unasaidia hapo, kwa kuwa kila pigo linaacha alama yake kwenye karatasi, na alama hiyo inaweza kurudiwa kuhesabiwa.

Rangi ipikeni wenyewe. Koroga vijiko 3 vya chakula vya unga wa ngano katika kikombe kimoja cha maji baridi (mililita 250) mpaka mabonge yaishe, ndipo ubandike kwenye moto mdogo huku ukikoroga hadi iwe nzito kama uji. Ukianza na maji ya moto, unga unashikana. Ikipoa, gawa mara mbili: nusu tia kijiko cha chai cha manjano, nusu nyingine mkaa uliotwangwa na kuchekechwa. Pika ya siku hiyo tu, maana huchacha. Wavalishe watoto nguo kuukuu, kwani doa la manjano halitoki kirahisi, na likikutana na sabuni hugeuka jekundu.

Kukata kiazi ni kazi ya mtu mzima. Kata kwa mkato mmoja wa kisu kikali. Ukisitasita, uso unakuwa na mawimbi na alama inatoka nusu. Kipande kimoja kiache duara, vingine chonga pembetatu na mraba. Futa uso kwa kitambaa kikavu, la sivyo maji ya kiazi yatazimua rangi. Mtoto asichovye kwenye bakuli: kunja kitambaa kwenye sahani, mwagia vijiko viwili vya rangi, agandamize muhuri hapo.

Anza na vyumba vitano vilivyochorwa kwa mstari, alama moja kila chumba. Namba itamkwe muhuri unapogusa karatasi, si kabla, maana mdomo hupenda kutangulia mkono. Kisha uliza, "Zote ngapi?" Akianza tena moja, mbili, tatu, bado hajatambua kwamba namba ya mwisho ndiyo jumla. Usimkemee; rudi kwenye alama tatu, kisha nne. Akishaweza, apige mbili za manjano na tatu nyeusi, halafu ageuze karatasi juu chini. Sasa zinaanza tatu, zinafuata mbili, na bado ni tano. Hapo ndipo kujumlisha kunapoanzia, kabla hata ya kuandika alama yoyote ya hesabu.

Ruwaza, yaani mpangilio unaojirudia, inahitaji subira zaidi. Mwonyeshe pindo la kanga, jinsi umbo lilelile linavyojirudia kuzunguka nguo, kisha piga duara, pembetatu, duara, pembetatu. Kosa linaloonekana sana ni mwalimu kupiga maumbo matatu tu na kuuliza linalofuata. Fungu, yaani duara na pembetatu yake, halijajirudia vya kutosha, na mtoto anayebahatisha hana kosa. Piga mafungu matatu kamili ndipo uulize. Akizoea, badilisha: duara, duara, pembetatu. Kisha funika umbo moja la katikati kwa kifuniko cha soda umwulize lililofichwa. Hilo ni gumu kuliko kuendeleza mwisho, kwa sababu lazima aangalie pande zote mbili.

Kwa ulinganifu, kunja karatasi katikati, ifungue, dondosha matone matatu ya rangi upande mmoja. Kabla ya kukunja tena, aweke alama ya penseli anapodhani kila tone litaangukia. Swali hili ndilo somo lenyewe. Bila hilo imebaki kazi ya rangi tu. Wengi huweka tone lililo karibu na mkunjo mbali nao upande wa pili, kana kwamba picha imesogezwa badala ya kupinduliwa. Kandamiza kuanzia kwenye mkunjo kwenda nje, fungua mara moja, walinganishe. Hesabuni pia: tatu huku, tatu kule, sita.

Mwishowe chukua muhuri wa mraba, uugeuze ili mraba usimame kwa kona yake moja, kisha uupige. Wengi watasema huo si mraba tena. Usibishane nao: wape kiazi mkononi, wakigeuze polepole, wapige alama kila kinapogeuka, na wahesabu kona za kila alama.